Kioo cha Sita

Benchi letu liko nyuma ya karakana ya kusaga lenzi, limeegemea ukuta mahali bomba la mvuke linapopita, kwa hiyo hata asubuhi ya ukungu mgongo wako unapata joto. Ukikaa hapo unauona mto Lahn, na ukiinua macho unaliona dirisha la ghorofani, la chumba cha hesabu za lenzi. Saa tatu king'ora kinalia, saa tatu na nusu kinalia tena, na katikati ya ving'ora hivyo viwili hakuna jambo la mji wetu wa Wetzlar wala la dunia ambalo benchi halijalitolea hukumu. Wenyewe ni hawa. Kutu ni mng'arishaji. Jina lake la ubatizo ni Heiner Debus, lakini unga mwekundu wa kung'arishia vioo umeingia ngozini mwake hata mkewe hamwiti Heiner tena. Mshumaa, yaani Ottfried Schmehl, husawazisha kitovu cha kila lenzi. Anaizungusha na kutazama mwanga wa mshumaa ulioakisiwa juu yake, mwanga ukicheza, bado, ukitulia, tayari. Yeye ndiye pia anayevipanga vioo ndani ya bomba la shaba. Nabii ni Gisbert Weil wa stoo ya vioo, anayejua yatakayotokea baada ya kutokea. Na mimi ni Wino. Napaka rangi nyeusi ukingo wa kila kioo ili mwanga usirukeruke ndani ya lenzi. Mimi ndiye mdogo, kwa hiyo mimi ndiye mmiminaji wa kahawa. Kusema nawaachia wao.

Kutu: Wino, mimina basi, dada. Koo langu leo limekauka kama mfuko wa unga.

Nikamimina vikombe vinne vya bati. Cha tano nikakiacha kimefunikwa kwa kisahani. Hicho ni cha Bi Kröck wa chumba cha hesabu. Kila siku nampelekea juu, lakini siku hiyo Daktari Lotz, mkuu wetu, alikuwa amekataza mtu yeyote kupanda ngazi ile.

Nabii: Hajashuka?

Mshumaa: Humsikii? Anazungusha.

Tukatega masikio. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na sauti ya mashine yake ya kuhesabia ikatufikia, ile yenye mpini. Kra-kra-kra. Kimya kidogo, anaandika. Kra-kra.

Kutu: Mara ya ngapi hii?

Mshumaa: Ya nne. Mwale uleule wa kona. Anauingiza kwa mbele, anaupitisha kwenye nyuso zote kumi za vioo, unatokea palepale. Hesabu inasema picha ni safi. Picha inasema hesabu ni uongo.

Nabii: Basi mmoja ni mwongo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kutu: Hiyo inahusu mafahali, Nabii.

Nabii: Na hesabu je? Si ina pembe?

Siku nyingine Kutu angecheka mpaka akohoe.

Niseme mambo yalivyokuwa. Ilikuwa Jumatano. Lenzi yetu mpya ilitakiwa kuondoka Ijumaa kwenda Köln, kwenye maonyesho ya kamera. Bi Kröck aliihesabu peke yake kwa miaka miwili. Jumatatu walipiga nayo picha ya taa za ng'ambo ya mto. Katikati ya picha taa zilikuwa na ukungu kidogo, na kwenye kona zote nne kila taa iliota mabawa, kama ndege aliyelowa. Daktari Lotz akachunguza kila kitu, akaona kila kitu kizima isipokuwa hesabu. Akaandika karatasi: Mimi, Adelheid Kröck, nimekosea. King'ora cha pili kikilia, angepanda kuileta ili itiwe sahihi. Baada ya sahihi, madaftari yake yangekwenda kwenye tanuri, na yeye angeshuka chumba cha kufungia maboksi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hakujua kazi nyingine na hakuwa na mtu mwingine.

Kazi hii niliyo nayo, aliniombea yeye, binti yangu Gudrun alipokuwa na miezi minne.

Kutu: Mimi sihusiki. Nasema mapema. Nyuso zangu zote zilipimwa mbele ya Lotz mwenyewe. Kioo cha kupimia kikawekwa juu, pete za rangi zikatokea, duara kama sarafu. Akasema, "Safi, Debus."

Mshumaa: Nani kakutaja?

Kutu: Unanitazama mikono.

Mshumaa: Natazama mkate wako. Jibini hilo lilikufa lini?

Kutu: Usinipeleke kwenye jibini. Kitovu kikiyumba je? Kitovu cha nani? Changu?

Mshumaa akaweka kikombe chini polepole. Yeye akikasirika huwa mpole.

Mshumaa: Sikiliza, Debus. Kitovu kikiyumba, kona moja inaharibika na nyingine inapona. Hizi zimeharibika zote nne, tena sawasawa, kama mtu aligawa kwa rula. Kitu kilichoharibika sawasawa hakikuyumba.

Kutu: Ulivyovipanga je?

Mshumaa: Nimeifungua lenzi hiyo mara mbili. Mara mbili! Kioo kimoja kimoja juu ya kitambaa, kwa mpangilio wake. Nikafuta, nikarudisha kama nilivyotoa. Kilichotoka kikitazama mto, kilirudi kikitazama mto. Nafanya kazi hii tangu mwaka wa ishirini na sita. Hiki kidole gumba hakijawahi kunidanganya.

Akakiinua. Kidole chake gumba ni kipana na laini kama kijiko cha mbao.

Nabii: Mie nawaambia ni kioo chenyewe.

Kutu: Kioo si kina cheti?

Nabii: Cheti kina uzito wake, kina upinzani wake kwa mwanga, mpaka nambari ya chungu kilichokiyeyusha. Lakini cheti hakiandiki kioo kilikuwa na hali gani. Kioo kinakumbuka, jamani. Kile cha nne kilipoa wiki ya mafuriko. Kiliisikia Lahn ikiingia stoo. Tangu hapo kinaogopa maji, na taa zile ziko wapi? Ng'ambo ya maji!

Mshumaa: Kwa hiyo kiliona mto kikashtuka.

Nabii: Ng'ombe akivunjika guu malishoni, hurejea zizini.

Kutu: Inahusu nini sasa?

Nabii: Inahusu kioo cha nne. Kirudishwe kilikotoka.

Kra-kra-kra, juu. Kimya. Kra.

Nabii: Halafu kitu kimoja sijawahi kukielewa mpaka leo. Kwa nini vioo sita? Bibi yangu alikuwa na miwani ya kioo kimoja kila jicho, na aliziona dhambi za mtaa mzima.

Mshumaa: Kwa sababu kimoja kinakosea. Kinaukunja mwale wa pembeni zaidi kuliko wa katikati. Mwekundu kinautupa huku, wa buluu kule. Unaweka cha pili kikosee kinyume chake.

Nabii: Kinyume?

Mshumaa: Cha kwanza kikivuta, cha pili kisukume. Lakini cha pili nacho kina ulevi wake mwingine, basi unatafuta cha tatu. Mpaka sita. Jozi mbili zimegandishwa kwa gundi, ndiyo maana nyuso zimebaki kumi.

Nilitaka kusema kwamba Bi Kröck hunieleza vizuri zaidi. Siku moja nilipompelekea kahawa alinionyesha mchoro wake, vioo sita vimechorwa kwa penseli kali, na mistari ya miale imepita katikati kama nyuzi kwenye kitambaa. Akaniambia, "Wino, hakuna kioo kisicho na kosa. Mimi siondoi makosa. Nayapanga yatazamane, mpaka yamalizane." Nikamwuliza mwale mmoja unamchukua muda gani. Akasema wa kona unakula asubuhi nzima, na lenzi ina miale kama mia mbili ya kuulizwa. Nilitaka kuyasema hayo. Nikamwongezea Nabii kahawa.

Kutu: Mimi nafikiri ni treni.

Mshumaa: Treni ipi tena?

Kutu: Ya makaa, ya kwenda Giessen. Inapita saa ileile waliyopiga picha. Ardhi inatikisika, kamera inatikisika, taa inaota mabawa.

Mshumaa: Katikati isitikisike, kona tu ndizo zitikisike? Treni gani hiyo yenye adabu?

Kutu: Basi taa zenyewe! Labda zina mabawa kweli.

Mshumaa: Ulizitazama?

Kutu akatafuna kidogo.

Kutu: Jana nilivuka daraja kuzitazama. Hazina.

Alikuwa ametembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mguu wake ule ulioumia vitani. Hapo nikajua na yeye hapati usingizi.

Mshumaa: Nitawaambia ni nini, na mtu asinirushie kikombe. Ni kitabu chake.

Nabii: Kitabu?

Mshumaa: Cha majedwali. Kile anachotazamia namba kabla ya kuzungusha mpini. Kimechapishwa mwaka wa arobaini na nne, nimekiona. Mwaka huo nani alikuwa anachapa vitabu? Watu wenye njaa. Mtu mwenye njaa akiona sifuri anaona mkate. Akiona nane, mikate miwili. Unadhani ataipanga mahali pake? Ataitazama, machozi yatamtoka, ataipanga ilipomwangukia.

Kutu: Kwa hiyo namba moja imehama, na mwale umeifuata.

Mshumaa: Na amehesabu mara nne kwa kitabu kilekile. Ataona nini? Kosa lilelile, limevaa koti lilelile.

Hili lilitutia baridi. Kati ya yote yaliyosemwa lilikuwa la kwanza lililofanana na kweli, na lilimwangukia Bi Kröck.

Nabii: Ah, kitabu! Mnacheza na kitabu, na tatizo ni mwanga.

Kutu: Umeanza.

Nabii: Mwanga wa leo si ule wa zamani. Tangu walipue mabomu yao kule majangwani na visiwani, mwanga umechoka. Zamani mwale ulikuwa unatoka jua mpaka hapa wima, kama askari wa Kaiser. Siku hizi unafika umeinama. Hesabu ya Bi Kröck ni ya mwanga mzima. Mwanga mzima haupo tena! Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Kutu: Nabii, kunywa kahawa yako.

Nabii: Nitakunywa. Lakini kanisa letu kuu lina miaka zaidi ya mia saba na halijakwisha, mnara mmoja upo na mwingine haupo, na hakuna aliyemwambia mhesabuji wake atie sahihi. Huyu amepewa siku mbili.

Mpini ukanyamaza.

Tulingoja. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Saa ya ukutani, ile ya juu ya mlango wa karakana, ilionyesha saa tatu na dakika kumi na saba. Mpini haukuanza. Nikaliona bega lake dirishani, halitikisiki. Halafu, kra. Kra-kra.

Kutu akashusha pumzi.

Kutu: Ukweli ni kwamba tumemfungia mlango sisi.

Mshumaa: Sisi akina nani?

Kutu: Jana Lotz alikuletea karatasi, au hakukuletea?

Mshumaa: Aliniletea.

Kutu: Ukatia sahihi kwamba vitovu ni vizuri na upangaji ni mzuri.

Mshumaa: Kwa sababu ni mzuri!

Kutu: Na mimi nikatia kwamba nyuso ni nzuri. Na Nabii akatia kwamba kioo ni kizuri.

Nabii: Nilitia kwa shaka.

Kutu: Shaka haionekani kwenye sahihi. Milango ilikuwa minne. Kila mtu amefunga wake, amebana ufunguo kwapani. Umebaki wa nani?

Mshumaa: Ulitaka niseme uongo nimwokoe?

Kutu: Sikutaka chochote. Nahesabu milango.

Mshumaa: Basi hesabu kimya kimya, maana nitasahau kama wewe ni rafiki yangu.

Walikuwa wamesimama wote wawili. Kutu ni mfupi, na mikono yake myekundu ilikuwa imekunjwa. Nabii akajivuta mpaka mwisho wa benchi na mkate wake. Mimi nilitazama vidole vyangu. Ncha zake ni nyeusi, hazitoki hata kwa sabuni ya soda. Mimi sikuletewa karatasi. Nani amwulize mpakaji wa rangi?

Ndipo ngazi iliyoegemezwa ukutani ikatikisika, na mtu akashuka kutoka paani. Alikuwa fundi wa vigae vya mawe, mgeni kwetu, aliyeletwa juzi kuziba mahali panapovuja. Suruali nyeusi ya kordorai, nyundo kiunoni, vumbi la kijivu mpaka kwenye nyusi.

Mgeni: Salama hapa? Jina langu Theiß, natoka Weilburg. Nimesikia harufu ya kahawa tangu asubuhi, sasa imenishinda.

Nabii: Kaa, bwana, kaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutu: Leo umeipatia.

Nikampa kikombe changu. Theiß akakaa katikati, pale pale walipokuwa wamepaacha wazi wale wawili, akanywa, akawatazama mmoja mmoja.

Theiß: Kuna msiba?

Kutu: Utakuwepo saa tatu na nusu.

Wakamweleza. Wakamweleza kwa pamoja, kila mtu akimkata mwenzake. Taa, mabawa, kona nne, Köln, karatasi. Nabii akaingiza mafuriko na mabomu. Theiß alisikiliza kama anayesikiliza mvua, akijua itakatika.

Theiß: Na vyenyewe vikoje, hivyo vioo sita?

Mshumaa akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa kitambaa safi kilichokunjwa.

Mshumaa: Hiki ni pacha wa kioo cha sita, cha mwisho kabisa, kinachokaa karibu na filamu. Tulitengeneza viwili, kimoja cha akiba. Shika ukingoni, usiguse uso.

Theiß alikwisha kugusa uso. Kidole chake kikaacha alama ya kijivu katikati ya kioo. Mshumaa akafumba macho kwa uchungu. Theiß akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena.

Theiß: Mbele ni wapi?

Mshumaa: Mbele ya nini?

Theiß: Ya hiki. Mie fundi wa paa tu, nisamehe. Kigae changu kina uso na mgongo. Ukikikata kwa nyundo ukingo unamomonyoka upande mmoja, na huo uliomomonyoka ndio unaotazama mvua. Ukikilaza kinyume, maji yanaingia. Paa zima linaonekana zuri, na maji yanaingia. Hiki nakiona kimevimba huku, na huku kimevimba. Upi unatazama nje?

Mshumaa: Uliovimba zaidi.

Theiß: Ambao ni upi?

Mshumaa: Lete.

Akakichukua, akafumba macho, akapitisha kidole gumba upande mmoja, kisha wa pili. Alitabasamu.

Mshumaa: Huu hapa.

Theiß: Hebu.

Akakichukua tena, akakificha nyuma ya mgongo wake, akakirudisha.

Theiß: Na sasa?

Macho yamefumbwa, kidole kikapita. Mara moja. Mara mbili. Safari hii kilikawia.

Mshumaa: Huu.

Akafumbua macho. Alama ya kijivu ya kidole cha Theiß, iliyokuwa imefutika nusu, sasa ilikuwa upande wa pili. Mara ya kwanza alichagua uso wenye vumbi, mara ya pili usio na vumbi.

Mshumaa alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

Theiß: Au mng'arishaji anajua?

Kutu: Mimi... nikiwa na kioo cha kupimia, ndiyo. Kwa jicho, hapana. Uvimbe wa nyuso hizi mbili umekaribiana mno. Vile vitano vingine hata gizani utavijua, kimoja kimebonyea, kingine bapa. Hiki ni hiki tu. Ndiyo maana kuna alama.

Theiß: Alama ipi?

Kutu: Ya penseli. Mshumaa akimaliza kitovu anachora kamshale ukingoni, kanaelekea mbele. Ni desturi tangu enzi za babu.

Theiß: Iko wapi?

Akakigeuza kioo polepole, ukingo mzima, mbele ya macho yetu. Ulikuwa mweusi. Mweusi unaong'aa, mwembamba, umekamilika mviringo wote bila mahali palipokatika. Kazi nzuri. Kisha wote watatu, bila kuambiana, wakatazama vidole vyangu.

Zamani nilikuwa naacha pengo. Mahali penye mshale wa penseli sipaki, upana wa ukucha tu. Majira ya kuchipua ikaja karatasi ndogo kutoka ofisini, imeandikwa kwa mashine: pengo linaleta mwako mweupe kwenye picha, kuanzia leo ukingo upakwe wote. Ilikuja kwangu peke yangu. Nikapaka wote. Niliona mshale unazama chini ya rangi, na siku ile ya kwanza mkono wangu ulisita. Nilidhani wakubwa wana njia nyingine ya kujua. Nilidhani wameambiana. Nilitaka kumwuliza Mshumaa, lakini alikuwa anaongea na watu, nami nikasema kesho, na kesho nikaona aibu kwa kuwa sikuuliza jana.

Mshumaa: Niliona haupo.

Aliongea chini sana, kwa Theiß, si kwetu.

Mshumaa: Niliona hakuna mshale. Nikasema, mimi, Schmehl, nikamwulize msichana? Nikatumia kidole.

Kutu: Ulipoifungua mara mbili...

Mshumaa: Nilikirudisha kama nilivyokitoa.

Nabii: Mungu wangu.

Kutu: Na kikiwa kinyume, makosa hayatazamani tena.

Mshumaa: Na kona zote nne zinaharibika sawasawa.

Nabii alifungua mdomo kwa ajili ya methali, haikuja.

Theiß: Kwa hiyo kile kilichomo ndani ya lenzi, kinatazama wapi?

Juu, mpini ulikuwa umenyamaza. Sikujua ulinyamaza lini. Nikainua macho nikamwona Bi Kröck amesimama. Alikuwa anavaa koti lake la kijivu, anafunga vifungo kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa. Kisha akaanza kuyapanga madaftari yake mikononi, makubwa chini, madogo juu, kama mtu anayehama. Nyuma yake mlango ukafunguka, na kipara cha Daktari Lotz kikang'aa. Alikuwa na kalamu mkononi. Hakungoja hata king'ora.

Kutu alikwisha kuruka kukimbilia karakana kuleta kioo cha kupimia, mguu ukiburuzika. Mshumaa alisimama akaketi tena. Nabii alikuwa ananitazama tu. King'ora kikaanza kulia.

Nikapanda juu ya benchi. Birika likaanguka, na kahawa yote iliyobaki ikamwagika kwenye mawe.

"Bi Kröck!" niliita. Sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. King'ora kilinimeza. Nikamwona anaweka madaftari mezani. Anainama. Nikajaza kifua hewa mpaka mbavu zikauma, na king'ora kikakatika ghafla, kama kinavyokatika kila siku, na sauti yangu ikabaki peke yake juu ya ua, juu ya paa, mpaka ng'ambo ya Lahn:

— Usitie sahihi! Bi Kröck, usitie sahihi! Hakuna anayejua kioo cha sita kinatazama wapi!

Dirisha likasukumwa. Akatoa kichwa nje, kalamu mkononi, akakunja uso kwa mwanga. Alitazama benchi, akatazama ngazi, akawatazama Mshumaa, Nabii na yule mgeni mwenye vumbi. Macho yake yalinipita mara mbili. Miaka miwili nimempelekea kahawa, na hakuijua sauti ile.

— Nani huyo anayeita?

— Mimi, Bi Kröck. Mimi Wino. Alama niliifunika mimi.